Ngoja Yajitaje

Nilinunua ukoka kwa mita ya mraba,
ukaletwa na kirikuu, umekunjwa kama jamvi.
Nikautandika mbele ya nyumba mpya, Nzuguni,
nikaunywesha maji ya mgao, Jumanne na Ijumaa,
mimi mwenyewe nikioga kwa kikombe.

Mama mkwe Madeje alishuka kutoka Mvumi
na fundo kwenye pindo la kitenge.
Akautazama ukoka, akauliza,
"Huu unaliwa?"
Hauliwi, mama.
"Unatibu?"
Hautibu.
"Sasa una kazi gani hapa?"
Nikasema, unapendeza.
Akanyamaza kama mtu aliyetajiwa bei.

Agosti upepo ukaleta vumbi hadi ndani ya sukari.
Septemba ukoka ukageuka mkeka.
Oktoba, kapi.

Siku moja ya Novemba, nikiwa kazini, alifungua fundo.
Hakuchimba mstari, hakupima nafasi.
Alirusha tu, mkono ukienda kama wa kulisha kuku,
akaburuta tawi la mgunga juu ya udongo mwekundu,
akaingia ndani kulala.

Mvua ya kwanza ilikuja usiku, na fujo zake za mabati.
Siku ya saba uwanja ulikuwa umeota ndevu.
Nikashika jembe.
Akalishika na yeye, upande wa pili wa mpini.
"Ngoja yajitaje."

Mgagani ukajitaja kwa harufu, kabla ya maua.
Mlenda ukajitaja kwenye sufuria,
ukakataa kukatika kati ya bakuli na mdomo.
Kivumbasi kikangoja magharibi:
mbu walipiga hodi, wakajijibu wenyewe, wakaondoka.
Mchaichai, ule wa kando ya karo,
ulikunywa maji yetu ya kusuuzia vyombo
ukaturudishia chai.

Jirani Nyemo, mwenye vigae mpaka getini,
alituma mtoto na ungo:
"Mama anaomba majani yenu.
Yoyote, amesema. Nyie mnajua."
Nyie! Mimi niliyepanda ukoka.

Limebaki moja tu halijajitaja:
la zambarau, dogo kama kifungo cha shati la mtoto,
linafunguka asubuhi, saa nne limeshajifunga.
Nyuki wanalijua. Mimi silijui.
Nilimuuliza Madeje akichambua mboga.
"Hilo? Hata sikulileta. Halina kazi."
Nikainama niling'oe.
"We! Liache,"
akasema bila kuinua kichwa,
"si linapendeza."