Thelathini na Nane

Duka la matairi, Akureyri. Theluji inakuja ubavuubavu.
"Inchi thelathini na tatu zinatosha," fundi anasema.
Steinar anataka thelathini na nane.
Februari aliburutwa na trekta la jirani,
na jirani hajaacha kusimulia.

Bodi itakatwa. Giaboksi italalamika.
Kipima mwendo kitageuka mwongo:
kikisema themanini, ujue ni tisini.
"Kata."

Jioni pikapu imesimama uani, imetuna kama jogoo.
Mama yake, Ragnheiður, anatoka na fimbo,
anautazama mlango ulio usawa wa kidevu chake.
Hasemi kitu.
Anarudi ndani, anatoka na kreti ya samaki,
anaipindua,
anapanda.

"Twende. Na kreti uipakie.
Aliyepanda atashuka."