Cha Kushoto

Kilitoka katikati ya mtumba,
cha kushoto, ngozi ya kahawia, namba arobaini na saba,
peke yake kama mjane.
Nilipekua hadi kamba na gunia,
cha kulia hakikuwemo.
Nikakitundika msumarini, kibandani kwangu, Kibuye,
juu ya raba za watoto,
na kila Jumapili nikakipaka rangi.

"Apondi, unamngoja mwenye mguu mmoja?"
Huyo ni Min Akeyo, muuza omena,
mdomo wake hauna siku ya mapumziko.

Wanaume walikijaribu, nisiseme uongo.
Dereva wa lori la miwa alikijaza magazeti ya wiki nzima.
Shemasi mmoja alivaa soksi tatu, jua la saa saba,
akasema joto lile ni la Roho.
Fundi wa redio aliniomba wembe.
"Wa kukata kiatu?"
Akatazama kisigino chake, akafikiri.
Nikamnyima.

Mama, kwa simu, kutoka Ugunja:
"Nyara, miaka thelathini na miwili
na bado unalala na kiatu?"

Alikuja mvua ya Aprili ikitwanga mabati,
mrefu, gambuti miguuni, mfuko wa nailoni kwapani.
Hakusalimu. Alikiona, akasimama
kama mtu aliyemtambua ndugu yake kwenye gwaride.
Akafungua nailoni:
cha kulia. Kahawia. Arobaini na saba.

Wafubwa, mwalimu wa hesabu, Webuye.
Alikinunua Chepkube kwa shilingi hamsini.
"Mwenzake yuaja," waliahidi,
naye mwaka mzima akamsaka
Luanda, Mumias, Kakamega, Ahero.

"Bei?"
Nilitaka kusema mia mbili. Ulimi ukateleza.
"Hakiuzwi. Niuzie wewe hicho chako."
"Changu nacho hakiuzwi."
Tukatazamana. Mabati yakapiga makofi.

Jumapili ya pili akarudi na cha kulia
na mahindi mawili ya kuchoma.
Ya tatu tulibishana hadi nikasahau kuuza.
Ya nne akanipigia hesabu:
nauli yake ingenunua jozi sita mpya.
"Basi nunua," nikasema.
Akamenya njugu, hakujibu.

Jumapili ya saba, saa sita kamili
(ya mchana; usiku Kibuye hatuuzi),
askari wa kaunti wakaingia na lori.
Leseni yangu ilikufa Februari.
Nikazoa viatu guniani, nikaruka mtaro,
ndara yangu moja ikabaki kwenye tope
na mwalimu akaiokota.

Wiki mbili nilijificha Kondele, nikimuuzia dada vitunguu,
naye anazunguka Kibuye na ndara mkononi.
Ndara ya bluu! Jamani,
ni nani Kisumu nzima haimtoshi ndara ya bluu?
Ilimtosha mama mboga. Ilimtosha mhubiri wa kituoni.
Ilimtosha Min Akeyo, akaondoka nayo hatua kumi
akitangaza kwamba posa ameipokea.

Hapo mwalimu akaachana na miguu ya watu.
Akabaki na swali moja, kibanda kwa kibanda,
akavuka barabara, akafika Kondele:
"Kiatu cha kushoto, arobaini na saba, bei gani?"
Themanini. Mia. Mia na ishirini, ya mwisho, kaka.
Mimi nimeinamia vitunguu, macho yanawasha,
nikasema bila kugeuka:
"Hakiuzwi."

Kimya.
Kisha ndara ikaanguka karibu na mguu wangu, plap,
bado ina tope la Kibuye.

Siku ya kuja kwetu Ugunja alivivaa vyote viwili.
Wajomba wakasifu ngozi.
Yeye alipanda kilima akichechemea,
jasho likimtoka kama anayekokota ng'ombe wa mahari.
"Mguu wangu ni arobaini na nane," akanong'ona.
"Tangu lini?"
"Tangu Chepkube."
"Mbona hukusema?"
"Miaka tisa unauza viatu, Apondi.
Jumapili saba. Mbona hukunipima?"

Nikajifanya kuitwa jikoni.
Niliporudi, Mama alikuwa ameshamvua viatu,
amemletea ndara zake za kuogea.
Za bluu.
Zikamtosha, ukisahau visigino.