Mifuko ya Ziada

Mwaka ule wa hosteli ya Kiboriloni tulijenga ukuta mmoja mara tatu.
Mara ya kwanza, kama ulivyochorwa.
Mara ya pili, kwa kuwa fundi bomba alikuwa na karatasi ya Machi,
na fundi umeme ya Juni.
Mara ya tatu, kwa kuwa bimu, tulipoitoboa
ipitishe bomba la choo cha ghorofani,
ilitoa ufa mwembamba kama mstari wa kiganja.

Mimi sikulalamika. Mimi nilikuwa stoo.
Kila ukuta unaobomolewa una mifuko yake ya saruji,
na stoo ile ilikuwa na mlango wa nyuma.
Inaandikwa kumi, inakorogwa minane.
Haba na haba.
Nenda Pasua, nyuma ya mashine ya kusaga,
utaona vyumba vitatu na kibaraza:
hicho ndicho kibaba changu.

Sasa tuko Njoro, kliniki ya mama na mtoto.
Amekuja mhandisi, Aikande Temba,
viatu vya usalama vimemzidi mguu,
kompyuta kwapani
kama kuku asiyetaka kufika sokoni.
Akaiweka juu ya pipa, akaifungua.
Jengo zima lilikuwa mle, limesimama,
na sisi huku nje bado tunang'oa visiki vya migomba.

Akalizungusha kwa kidole kimoja.
Akalivua bati. Akalivua kuta.
Yakabaki mabomba, nyaya na nondo,
mbuzi aliyechunwa na mtu anayejua kuchuna,
kila mshipa mahali pake.

"Hapa," akasema. Kitone chekundu.
Bomba la maji taka limepita tumboni mwa bimu.
Akamwita Elirehema wa mabomba,
akamwita Shekivuli wa nondo,
wakabishana mpaka chai ikapoa.
Bomba likasogea sentimita arobaini kushoto.
Hakuna aliyeshika nyundo.
Wahenga walituonya juu ya ufa na ukuta;
ufa unaozibwa kabla ukuta haujazaliwa
hawakuwahi kuuona.

Nilicheka na wenzangu.
Kisha akanigeukia, akagusa mahali,
na jengo likaanza kuhesabu lenyewe:
matofali elfu kumi na moja mia nne na kumi na mawili,
saruji mifuko mia tisa thelathini na sita,
misumari kwa kilo. Hata misumari!
"Chumba cha sindano kinataka mifuko kumi na tisa.
Utanipa kumi na tisa, Baba Ndeshi?"
Hakusema kwa ubaya.
Alisema kama mtu anayeuliza saa.

Usiku ule mvua ilipiga bati langu la Pasua.
Nikajaribu kuizungusha nyumba yangu kichwani,
kwa kidole, kama yeye.
Nikaivua bati. Nikaivua plasta.
Kila tofali likataja lilikotoka:
hosteli, shule, hosteli, benki,
zahanati ile ya kule bondeni
iliyofunguliwa kwa utepe na ngoma,
chumba cha kujifungulia hakina sakafu.
Sakafu ile naijua.
Naikanyaga kila nikiamka kunywa maji.

Asubuhi nilimkuta Aikande peke yake kwenye pipa,
anapanga lori la kokoto lipite wapi,
winchi isimame wapi, sisi tusimame wapi.
Kibanda changu kilikuwemo pia,
kidogo, cha kijivu, kama kiberiti.

"Stoo yako nimeipa mlango mmoja," akasema.

Nikavua kofia. Sijui kwa nini nilivua kofia.

"Miwili," nikamwambia.

Akaninyamazia kidogo.
Kisha akasogeza kidole,
akanipa nafasi nimwonyeshe ni upande gani.