Barafu za Ubuyu

Dakika ya sabini, uwanja wa Bahi,
Ndahani kaanguka, vumbi likamfunika.
"Kaza, mwanaume!" wakapaza wa pembeni.
Nikaingia na mfuko wangu wa rambo,
mimi niliyekuwa beki, sasa natembea upande.

Sikuuliza kama anaumwa; uso ulishasema.
"Umesikia kitu kikilia? Ta?"
Akatikisa kichwa.
Nikabonyeza mfupa nyuma ya kifundo, taratibu,
kama anayechagua zabibu asizipasue.
"Simama. Hatua nne tu."
Alizihesabu kwa Kigogo, akisaga meno.

Umeteguka. Haujavunjika.

Mzee Chiwanga keshafika na maji ya moto,
na kichupa anachoapa ni mafuta ya simba.
"Leo hapana, mzee. Moto unalisha uvimbe,
na kuchua kunachokoza palipochanika."
Akanuna, akakaa juu ya ndoo.

Barafu hatuna. Ila mama Nyemo anauza za ubuyu.
Nikazinunua zote kumi, nikazifunga kwenye kanga,
robo saa, kisha bendeji
(ibane, lakini vidole visife ganzi)
na mguu juu ya gunia la alizeti.

Ubuyu ukayeyuka,
ukachuruzika mwekundu hadi kwenye soksi.
Mdogo wake akaangua kilio, akidhani damu.
Ndahani akacheka, akalamba kidole.

"Jumamosi nacheza?"

Nikapandisha suruali, nikamwonyesha goti langu.
Fainali ya kata, miaka kumi na sita iliyopita.
Waliniambia nikaze, nikakaza.

Na kombe lenyewe hatukulichukua.