Kuchagua Mkanda Makoroboi

Lushinge kaitundika mikanda kwenye msumari
kama nyama buchani: myekundu, ya buluu,
na ule wa njano uliopauka ukingoni.
"Yote nailoni, dada. Yote inavuta gari."
Gari gani, namuuliza, la kuchezea?
Anacheka. Nami nacheka, lakini mkono wangu
umeshaanza kazi.

Nasoma mshono kwa kucha.
Uzi uende na kurudi, uende na kurudi,
usiruke hata hatua moja,
kama mtu anayehesabu fedha isiyo yake.
Huu umeruka. Weka pembeni.
Huu umekakamaa katikati, nikiukunja unalia:
ulilala na betri, au jua la mwaka mzima juu ya paa.
Huu una kitambulisho, namba zake zinasomeka.
Huu umekatwa kitambulisho. Kwa nini?
"Kilikuwa kinawasha," anasema Lushinge,
kana kwamba ni shati.

Mimi napandisha matangi ya maji.
Igogo, Mabatini, kule nyumba zilikokalia majabali
na ngazi huchoka kabla mlango haujaonekana.
Ziwa lote lile liko chini, linametameta,
na huku juu mtu anaoga kwa kopo.
Tangi tupu si zito. Ubaya wake ni tumbo:
upepo wa ziwa ukilikumbatia
linageuka ng'ombe asiyetaka josho.

Mwaka juzi nilibana shilingi elfu mbili.
Nikapiga fundo pale palipotaka mshono,
nikapitisha mkanda kwenye kona ya jiwe bila gunia,
na mvua ilikuwa imenyesha
(nailoni ikilowa hupungukiwa kimyakimya, haikuambii).
Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba.
Wahenga hawakujenga Igogo.
Huku hukatikia penye jiwe, hata ikiwa nene.
Tangi la Mama Bugumba likashuka
likipiga ngoma jabali kwa jabali,
likaruka mtaro, likapita katikati ya bata,
likatulia mlangoni kwa mkaanga dagaa
kama mgeni aliyechelewa.

Hakuna aliyeumia.
Nimeisema sentensi hiyo mara nyingi, mdomo haujaizoea,
maana Shija alikuwa pale pale chini
dakika moja kabla, ameinama anafunga kiatu.

Kwa hiyo usiniharakishe, Lushinge.
Wa ghali naujua, uko duka la vioo,
umelala ndani ya plastiki kama maiti ya tajiri,
na mimi nina ada ya shule.
Natafuta wa bei yangu usionidanganya.

Huu uliopauka, elfu tatu, nifungie turubai.
Turubai likianguka tutalowa, basi.
Hii miwili ya buluu, yenye namba?
"Kumi na tano kila mmoja."
Kumi na mbili.
"Kumi na nne, dada, nami nina watoto."
Kumi na tatu, na kile kipande cha tairi hapo chini ya meza,
nikaivalishe kwenye kona.
Anakitoa, anakipangusa vumbi kwa heshima ya ghafla.

Na ule uliokatwa kitambulisho, niuzie pia.
"Huo? Uliukataa."
Elfu moja.
Ananipa. Natoa kisu, naukata mara mbili mbele yake.
Nailoni haikatiki kwa aibu; inapiga kelele.
"Sasa wa nini huo?"
Wa kufungia bata, nasema.
Nyuma yangu angekuja mtu na haraka yake.

Lushinge anaokota kipande, anakigeuza.
Hasemi kitu. Anapanda juu ya kreti la soda,
anauchomoa mwekundu mmoja msumarini,
anaukunja karibu na sikio.
"Unalia," ananiambia. "Kidogo."