Laktomita

Kiwandani kwetu Mbarara, lango la nyuma,
kila kopo la maziwa linalofika alfajiri
tunalitumbukizia laktomita.
Ikizama kupita alama, mna maji humo.
Hakuna anayemuuliza mwenye ng'ombe
anajiona wapi baada ya miaka mitano.

Lango la mbele nakaa mimi.
Nina kiti, jagi, fomu ya visanduku kumi,
na nusu saa ya kumjua mtu.

Mwaka juzi tulitafuta vijana wanane wa kupokea maziwa.
Ahimbisibwe aliingia na tai ya mjomba wake
akazungumza, jamani, akazungumza!
Kila swali alilijibu kana kwamba alilitunga yeye.
Tisini na moja.
Nyamwiza alitazama kucha zake.
Nikamuuliza udhaifu wake. Kimya,
hadi nikaisikia friji ya chumba cha pili.
"Nachelewa kujibu," akasema.
Arobaini na tatu. Aliingia tu
kwa kuwa aliyemtangulia alipata kazi Kabale.

Jana, nikitafuta muhuri kwenye mtoto wa meza,
nikaikuta karatasi ile ya alama.
Nikailaza kando ya daftari la msimamizi,
nikavuta mistari kwa penseli, toka jina hadi kazi.
Ikapishana kama fito za boma
ng'ombe wakishalivunja.

Ahimbisibwe hana baya. Wa kawaida. Madereva wanampenda.
Nyamwiza ndiye aliyelizuia lori la Ibanda usiku wa Pasaka,
dereva akifoka, yeye akitia spiriti kijikoni,
maziwa yakaganda mbele ya macho yao wote.
Usiniletee methali ya mkakasi:
Katushabe naye hakusema kitu,
na alituibia samli.

Basi nilipima nini?
Labda tai. Labda lafudhi ya shule ya bweni.
Labda chai yangu ya saa nne, ilikuja au haikuja.

Ila kinachoninyima usingizi si hawa wanane.
Ni karatasi ya pili, majina ishirini na sita
chini ya wino mwekundu.
Hao hawana daftari popote.
Niliwamwaga mferejini bila kuwaonja,
na mpaka leo naapa walikuwa na maji.

Kesho wanakuja kumi na mmoja.
Nimeomba kijiko, spiriti, makopo matatu,
moja limetiwa maji, silisemi lipi.
Meneja anauliza maswali yako wapi.
Kiti nimekitoa nje.
Nimekikalia mwenyewe, nikijiuliza
nani alinipa alama mimi, na ngapi.