Kichupa cha Maji

Shomvi, fundi cherehani wa Mburahati,
ananiuliza pini zikiwa mdomoni:
"Hiyo mashine yenu, nikiitilia uji,
itasema uji una homa?"
Wateja wanacheka. Nami nacheka,
maana nimetoka zamu ya usiku
na gauni langu limekufa zipu.

Sikumwambia habari za kichupa cha maji.

Kila sahani ina vishimo tisini na sita.
Kimoja tunakitilia maji matupu,
maji yasiyo na mtu wala kikohozi wala jina,
yawe shahidi wetu.
Yakinyamaza, tunawasadiki wengine waliosema.

Usiku wa Jumatano maji yalisema.

Mzunguko wa thelathini na sita mstari ukainuka
polepole, kama mtoto anyooshaye kidole darasani
bila hakika ya jibu.
Ndimbo akavua miwani, akaifuta, akaivaa.
"Nani kagusa?"
Huenda glovu yangu. Huenda tone lililoruka
nilipofungua kifuniko kwa pupa, saa tisa,
umeme umerudi na kila kitu kinaharakishwa.

Tukatupa sahani nzima.
Watu tisini na wanne:
mmoja ana tiketi ya ndege ya alfajiri,
mmoja mjamzito, anangoja mlango wa wodi Temeke,
wote wakaambiwa rudini, tuwachokonoe pua upya.
Mtaani wakasema: mnaona? Hata wenyewe hawajui.

Na kweli hatukujua.
Ndiyo maana tulitupa.

Shomvi, mashine haioni ugonjwa.
Inatafuta sentensi moja katika barua ndefu;
ikiipata inainakili, moja mbili, mbili nne, nne nane,
mpaka mnong'ono uwe kelele za spika ya mnadani.
Mnong'ono wa nani, wa tangu lini,
hilo haisemi.
Ingia jikoni kwa dada yangu Mwajabu:
panavuma papa, na papa kaliwa jana,
sufuria limesuguliwa, limefunikwa.
Harufu si uongo.
Wala si kitoweo.

Na kuna siku hunyamaza pasipo haki.
Kaka yangu Mbaraka nilimpima Jumatatu, mimi mwenyewe.
Hana.
Akaikunja karatasi, akaitia mfuko wa shati,
akaenda nayo harusini Kigamboni kama hirizi.
Alhamisi kifua kikaanza.
"Si ulisema sina?"
Nilisema hukuwa nacho, Jumatatu, puani,
kwenye kijiti changu.
Maneno mengi mno
kwa mtu anayetafuta pumzi.

Zipu imeshashonwa. Imebaki kupunguza kiuno.
Shomvi ananizungushia tepu, anaandika kwa chaki mezani.
Anarudia. Tepu ileile, mkono uleule,
na safari hii inazidi nusu inchi.
Anakunja uso. Anaifuta chaki kwa kiganja,
anaanza ya tatu.

"Usicheke," anasema. "Kitambaa kikishakatwa hakirudi."

Sicheki.
Nasimama wima, nashusha pumzi,
namwacha apime.